Tumefundishwa Kupiga Picha, Hatukufundishwa Kuirudisha

Picha iliyonipatia alama nyingi kuliko zote katika mwaka wangu wa pili chuoni ni picha ya uongo. Niliipiga mimi, nikaipa jina mimi, na nikapewa alama 82 kwa 100. Wenzangu walinipongeza, tukanywa soda, nikasahau. Insha hii naiandika kwa sababu mwenye sura iliyomo katika picha ile hakusahau.

Nianze na tukio lenyewe. Nasomea ualimu hapa West Nile, na masomo yangu mawili ya kufundishia ni Kiswahili na Sanaa na Ubunifu. Katika Sanaa na Ubunifu tuna kozi moja ya upigaji picha, ya muhula mmoja. Jumamosi moja tulipakiwa kwenye basi kutoka Arua kwenda Koboko, wanafunzi arobaini na kamera tano za chuo, wengi wetu tukitegemea simu zetu. Zoezi lilikuwa fupi: kila mmoja alete picha 12 za maisha halisi ya sokoni. Tuliliingia soko kama nzige. Nasema nzige kwa makusudi, kwa sababu nzige hamwombi mwenye shamba ruhusa.

Karibu na wauza mitumba palikuwa na mama anayeuza chai na mandazi. Makaa yake yalikuwa yamelowa, sigiri ikitoa moshi, naye ameinama akiipuliza. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi, leso imemteleza kichwani, na mwanga wa saa tatu asubuhi umemwangukia shavu moja. Nikabonyeza mara tatu. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo utaniletea?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, nitakuletea." Kisha nikaenda zangu kutafuta picha zilizobaki.

Tuliporudi chuoni tulitakiwa kuzipa picha zetu majina. Nilijua ni jina gani lingependwa. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na wilaya hiyo ina makazi ya wakimbizi ya Lobule. Watu wakisikia Koboko husubiri kuona wakimbizi. Nikaandika jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Machozi ya Mkimbizi". Sikuwa nimemuuliza mama yule kama ni mkimbizi. Sikuwa nimemuuliza hata anaitwa nani. Picha ikatundikwa ukutani wakati wa maonyesho ya mwisho wa muhula, watazamaji wakaipiga kwa simu zao, ikaanza kusafiri bila mimi.

Mwaka uliofuata nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari huko huko Koboko. Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni kunywa chai. Mama alinitazama kwa muda, akaweka birika chini. "Wewe ndiye mtoto wa kamera," akasema. Kisha akauliza, "Sura yangu iko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kijana wake aliiona picha katika simu ya rafiki yake, pamoja na jina lake. Mama huyu amezaliwa Koboko, ana nyumba Koboko, na kwa chai hiyo hiyo amesomesha watoto. Tangu picha ile ifike sokoni, wauzaji wenzake wakitaka kumtania humwita mkimbizi. Jambo lililomuuma zaidi sikulitarajia. Aliwahi kuwa mkimbizi kweli, akiwa binti mdogo, wazazi wake walipomvusha mpaka mwaka 1980 kuingia nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Safari ile aliimaliza. Akarudi, akajenga. Mimi kwa neno moja nilimrudisha ng'ambo.

Wasomi wenzangu wa Kiswahili, tulitazame kidogo swali la mama huyu. Katika Kiarabu, sura ni picha. Katika Kiarabu cha Juba, kinachosikika kila siku Koboko, mtu akisema sura anasema picha. Kiswahili kililipokea neno hilo likawa uso na mwonekano wa mtu, na neno la picha tukaenda kuliazima kwa Waingereza. Mama alikuwa akichanganya lugha kama watu wa mpakani wanavyozichanganya, akaniuliza picha yake iko wapi. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nikasikia akiuliza uso wake uko wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza yote mawili. Waganda nao huita picha ekifaananyi, iwe ya kamera au ya kuchorwa, na neno hilo lina mzizi ule ule wa kitenzi chetu kufanana. Kwa kipimo cha neno hilo, kazi yangu ya alama 82 haikustahili kuitwa picha. Haikufanana na mwenyewe.

Sitaki kukisingizia kitenzi kupiga. Twapiga pasi, twapiga mswaki, twapiga kura, na hakuna anayeumia. Tatizo haliko kwenye kitenzi. Liko kwenye mtaala.

Hoja yangu ni hii. Upigaji picha katika vyuo vyetu vya sanaa na ubunifu unafundishwa kichwa chini miguu juu. Somo linaanza na mashine na kuishia na alama, na mtu anayepigwa picha hana nafasi hata ya wiki moja. Nadai kwamba picha ya mtu isipewe alama yoyote mpaka mwenye sura awe ameiona, ameikubali, na ameipata mkononi.

Nimelipekua daftari langu la kozi ile. Wiki ya kwanza ni historia, kuanzia Ufaransa mwaka 1839 uvumbuzi wa Daguerre ulipotangazwa. Kisha tundu la lenzi, kasi ya shata, na namna kamera inavyohisi mwanga. Kisha mpangilio wa picha, rangi, kuhariri kwa kompyuta, zoezi la nje, mtihani. Sikatai kwamba mambo haya ni ya lazima. Asiyejua mashine yake atabahatisha maisha yake yote. Lakini hata mashine yenyewe tulifundishwa kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni na haina kwao.

Nitoe mfano. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitakuwa kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au mbingu ya saa sita mchana: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unakuwa kivuli chenye meno. Msogelee mtu huyo huyo mpaka uso wake ujaze picha nzima: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, naye anatoka kama aliyepakwa majivu. Siku za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kodak ilizipa maabara kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi. Mwanafunzi anayejifunza kupiga picha Arua anapaswa kuyajua haya kabla ya jina la Daguerre. Mimi sikuyajua chuoni. Nilianza kuyaelewa kwa fundi wa picha za pasipoti.

Studio yake iko karibu na Barabara ya Adumi, chumba cha hatua nne kwa tatu. Fundi huyu hakumaliza sekondari. Picha za pasipoti zinataka kitambaa cheupe nyuma, na wateja wake wengi ni watu weusi sana wa West Nile na wa Sudan Kusini. Yaani kila siku anafanya kazi katika hali ile ile inayoishinda kamera. Nilikaa kwake siku tatu wakati wa likizo nikimtazama. Humsogeza mteja mbele, mbali na kitambaa. Humgeuza aelekee mlangoni, mwanga unakotoka. Kisha humpa kadibodi nyeupe aishike mapajani, chini ya mahali picha inapokatia, ili mwanga urudi juu ufike kidevuni na chini ya macho. Anayafanya yote hayo huku akimuuliza mteja habari za nyumbani, mpaka mabega yashuke. Nilipomuuliza alisomea wapi, alicheka. "Wateja ndio walimu," akasema. "Sura ikitoka vibaya hawalipi."

Jibu hilo lilinifungua macho kuhusu tofauti kati ya studio na chuo. Katika studio, mwamuzi wa picha ni mwenye sura. Anakuja na nguo aliyoichagua, anaomba kioo na kitana, anaamua kukaa au kusimama. Picha ikitoka anaitazama yeye kwanza. Akiikataa, fundi anarudia bure. Chuoni, mwamuzi ni mhadhiri, ambaye hajawahi kumwona mwenye sura na hatamwona. Ndiyo maana niliweza kumwita mama wa Koboko mkimbizi bila hofu yoyote. Katika chumba kile cha maonyesho hapakuwa na mtu wa kunikatalia malipo.

Wapo wanaodharau studio kwamba ni biashara tu, si sanaa. Wakumbuke Omar Said Bakor wa Lamu, N. V. Parekh wa Mombasa, na Ranchhod Oza wa Capital Art Studio pale Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930. Hao wote walikuwa watu wa duka. Walipiga maharusi, mabaharia, mama na watoto wao siku ya Idi, na walilipwa na watu wale wale waliowapiga. Leo watafiti wanatoka mbali kuzitazama picha zao kama hazina ya sanaa ya pwani. Hapa Uganda, mradi wa History in Progress Uganda umekuwa ukikusanya na kuonyesha picha za zamani tangu mwaka 2011, zikiwemo za Musa Katuramu na za Elly Rwakoma. Sanaa hiyo ilikua katika mikono ya watu waliojibika kwa jirani zao. Mtaala wetu unawaruka wote kana kwamba hawakuwahi kuwapo.

Wapo watakaosema nafanya kichuguu kuwa mlima. Kwingine labda. West Nile, hapana. Sisi tunajua sura moja inavyoweza kuwaponza watu wengi. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa na ambaye jina lake halitenganishwi na Koboko, alitawala kuanzia 1971 hadi 1979, na dunia nzima iliijua sura yake. Alipoangushwa, sura hiyo ilibandikwa juu ya nyuso zetu sote. Mwaka 1980 majeshi yalilipiza kisasi katika eneo hili, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan, yule binti mdogo akiwemo. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua. Waliouawa hawakuwa Amin. Walikuwa watu waliotazamwa wakaonekana ni wa Amin, na hakuna aliyewauliza majina.

Kisha tazameni kabati la Kampala. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana negatifu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za miaka ya Amin. Sehemu yake ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Humo mna mikutano, sherehe, kampeni, na watu wa kawaida wengi mno. Mateso na mauaji hayamo, kwa sababu kamera ya serikali haikupelekwa huko. Hilo limeshasemwa na wengi. Mimi naongeza jambo moja: watu wale walipigwa picha kwa ajili ya macho ya mtu mwingine, na sura zao zikafungiwa kabatini miongo kwa miongo. Sasa fanyeni hesabu ya basi letu. Wanafunzi arobaini, picha 12 kila mmoja, ni picha 480 za soko la Koboko. Ziko katika kompyuta ya chuo. Sijasikia hata moja iliyorudi sokoni. Je, tunalo jipya gani la kulishinda lile kabati?

Tulionyeshwa pia darasani picha maarufu ya Kevin Carter, aliyoipiga Machi 1993 huko Ayod, mahali ambapo leo ni Sudan Kusini, nchi ya jirani zetu. Mtoto ameinama ardhini kwa njaa, na tai mlamizoga yuko nyuma yake. Tulifundishwa mpangilio: mtoto mbele, ndege nyuma, nafasi tupu katikati. Picha ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na Julai mwaka huo huo Carter akajiua. Swali lililomwandama kila mahali lilikuwa moja: mtoto yule aliishia wapi? Darasani kwetu swali hilo halikuulizwa. Tulipimwa umbali kati ya mtoto na ndege.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana nimeshabishana nao bwenini na darasani, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Wa kwanza hunitajia Mohamed Amin, mwana wa Nairobi. Mwaka 1984 alipeleka kamera yake Korem, Ethiopia, na picha zake za njaa zikaiamsha dunia. Angesubiri ridhaa ya kila mtu aliyelala katika uwanda ule, wanasema, wangapi zaidi wangekufa? Nakubali. Nyumba ikiungua hupigi hodi. Lakini soko la Koboko halikuwa linaungua. Hatukupelekwa kule kutoa habari. Tulipelekwa kuchuma alama. Tena hata mwandishi wa habari huuliza nani, wapi, na kwa nini. Kosa langu kubwa halikuwa kubonyeza haraka. Lilikuwa kuandika neno mkimbizi bila kuuliza, na kisha kutorudi.

Wa pili husema soko ni mahali pa watu wote, na anayetoka nje amekubali kuonekana. Kuonekana ndiyo. Kupewa jina la uongo na kutundikwa ukutani, hapana. Kupiga umati unaopita si sawa na kumchagua mtu mmoja, kuusogelea uso wake na kuugeuza kuwa kazi ya darasani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ridhaa ya mhusika ni nguzo yake. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akisema sheria hiyo ni ya benki na kampuni za simu. Basi aende studio ya Adumi amweleze mteja kwamba uso wake una ulinzi mdogo kuliko namba yake ya simu.

Wa tatu hulia gharama. Chuo hakina pesa za kuchapisha picha. Mimi nilipoichapisha ile ya mama wa chai nililipa shilingi 2,000, sawa na chai na chapati mbili. Chuo kilichopata pesa za dizeli ya kutupeleka Koboko na kuturudisha kingeweza kumchapishia kila aliyepigwa nakala moja. Kama haiwezekani, basi tupige watu watano badala ya 480.

Wa nne ndiye aliyenisumbua zaidi. Alisema: ukimpa mtu haki ya kukataa, utabaki na picha za watu waliosimama wima kama askari, wamevaa nguo za sikukuu, wamenuna. Ukweli wa maisha utapotea, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana akipuliza sigiri. Nililifikiria neno hili wiki nzima. Jibu langu ni kwamba namna mtu anavyotaka kuonekana nayo ni sehemu ya ukweli wake, na sisi tumeitupa nje ya darasa kana kwamba ni takataka. Pili, anayetaka kumpiga mtu akiwa kazini, ametulia, bila kujipanga, hana budi kukaa naye mpaka azoeleke. Hilo ni kazi. Linahitaji siku, linahitaji lugha, linahitaji kunywa chai nyingi. Tulichokiita ukweli wa maisha siku ile mara nyingi kilikuwa uvivu wetu wa kukaa.

Nayasema haya nikiwa nimeyajaribu. Katika mazoezi yangu ya kufundisha nilipewa Kidato cha Pili, somo la Sanaa na Ubunifu, kama linavyoitwa katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020. Shule haikuwa na kamera hata moja. Tuliziba madirisha ya darasa kwa mabati, makaratasi na mablanketi, tukaacha tundu dogo la ukubwa wa sarafu. Baada ya macho kuzoea giza, mwembe wa nje ulionekana ukutani, juu chini, matawi yakitikisika, na mtu aliyepita na baiskeli akapita kichwa chini. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Nikawaambia kwamba jambo hili lilichunguzwa na Ibn al-Haytham wa Basra karibu miaka elfu moja iliyopita, na kwamba kila kamera, hata ya simu, ni chumba hiki hiki kilichofanywa kidogo.

Kisha tukatumia simu yangu moja kwa zamu, kwa sheria tatu nilizoandika ubaoni. Uliza jina kwanza. Mwonyeshe picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema futa, futa mbele yake. Wanafunzi waliomba ruhusa kwa Kikakwa, kwa Kinubi, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lugha ya anayempiga. Msichana mmoja alimwendea babu yake, akakataliwa uso. Babu alimruhusu kupiga mikono tu, ikiwa inasuka kamba. Msichana alirudi amekasirika, akidhani ameshindwa zoezi. Picha ile ya mikono ndiyo iliyozungumziwa darasani kipindi kizima, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na la kueleza: kwa nini babu alikataa, alisema nini, na kamba ile ni ya nini. Wengine walikuwa na nyuso. Yeye alikuwa na mazungumzo. Nilijifunza siku hiyo kwamba kukataliwa si mwisho wa somo.

Kwa hiyo, wahadhiri wetu, kwa heshima zote, nawaomba mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi wa kozi ya upigaji picha akae studio ya mtaani angalau wiki mbili kabla ya kukabidhiwa kamera ya chuo, na fundi wa studio alipwe kama mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyo. Pili, ngozi na mwanga wetu viwe somo la mwanzo, visingoje mwanafunzi aje avigundue mwenyewe likizoni. Tatu, ridhaa iombwe kwa lugha ya mwenye sura. Fomu ya Kiingereza anayotia dole gumba mtu asiyeisoma si ridhaa. Nne, picha ya mtu isiyorudi kwa mwenyewe isipewe alama, hata kama mwanga wake ni wa ajabu namna gani. Wanafunzi wenzangu, hili la nne halihitaji kikao cha seneti. Tunaweza kulianza wenyewe Jumamosi ijayo.

Nilimpelekea mama picha yake. Aliifuta mikono kwa kanga, akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaitazama sana. "Huyu analia," akasema. "Mimi nilikuwa napuliza moto." Akanirudishia. "Chukua, hii ni yako."

Jumapili iliyofuata alikuja studio ya pale Koboko, amevaa gomesi ya kijani na hereni, na mjukuu wake wa kike amemshika mkono. Safari hii sikubonyeza mpaka aliposema tayari. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio. Haina jina lolote isipokuwa lake, na sijui ingepata alama ngapi. Ile nyingine bado iko ukutani chuoni. Nimeandika barua kuomba iondolewe, au angalau jina lake libadilishwe. Wakati naandika insha hii, sijajibiwa.